Re: Re: Boksi la vitabu vya Kigoma limekwama Dar, nani ameshapitia hii?

Binti Ujiji (Columbus):
Habari zenu ndugu zangu wa Kigoma na Tabora, naombeni msaada wa haraka. Nilituma boksi la vitabu kwa kikundi cha kina mama pale Ujiji wanaosoma pamoja jioni, ni Becoming ya Michelle Obama, nakala nilizokusanya kwa watu walioshamaliza kusoma, nyingine zina mistari ya peni na majina ya wenyewe. Sasa limefika Dar limekwama. Ofisi ya mizigo wanasema bila TIN (namba ya mlipakodi) ya mpokeaji na invoisi, TANSAD, ile fomu ya forodha ya kutolea mzigo, haifunguliwi, nikawaambia hivi vimetumika na ni vya bure invoisi natoa wapi, wakasema andika thamani, nimeandika, wakasema ndogo mno watakadiria wenyewe, na huku stoo inahesabu. Mpokeaji ni mama yangu mdogo, hana biashara hana TIN. Swali ni moja tu, inaweza kupita kwa TIN ya wakala au lazima mama mdogo akafungue yake?

Gungu Original (Leeds):
Pole sana dada. Mimi yalinikuta kwa cherehani ya bi mkubwa, wakaniambia hiyo ni ya kiwandani, cherehani ya kukanyaga kwa mguu jamani! Nililipa tu maana bi mkubwa alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Ila vitabu kwenye kodi za forodha ni namba 4901, ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sifuri, waambie hivyo hivyo. Na kwa nini ulituma boksi? Kipo cha kusikiliza, kasoma mwenyewe kwa sauti yake, kilipata Grammy 2020, ungewarushia kwenye simu yakaisha.

Mzee wa Isevya (Oslo):
Gungu, usimpotoshe binti wa watu. Ushuru sifuri haina maana hulipi kitu, kuna tozo nyingine na kuna mkono wa wakala. Na hicho cha kusikiliza ni saa kumi na tisa, kina mama wa Ujiji bando watanunuliwa na nani?
Ila binti yangu nikuulize kwa nia njema, katika vitabu vyote kwa nini hicho? Nimekisoma chote. Utoto wake Chicago safi, ndoa safi, akiingia Ikulu anaanza kutembea kwa tahadhari. Miaka minane anatuelezea bustani ya mboga na watoto kufanya mazoezi, vita anavipita juu juu. Libya imepigwa 2011 yeye yumo nyumba ile ile. Wahakiki wa mrengo wa kushoto kule kwao walilisema hili toka kimetoka, si mimi nimelianzisha.

Mama Wawili (Minneapolis):
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote hapo sikubaliani na wewe. Yule hakupigiwa kura na mtu, aliyeagiza ndege ni mumewe, na mumewe kaandika chake 2020, hayo ya Libya muulize huko. Mimi nilichokipata mle ni ile sehemu ya mimba kuharibika, halafu wakahangaika mpaka IVF, ile ya kupandikiza mimba hospitali, ndio wakapata Malia na Sasha. Mzee unajua kwetu mwanamke yakimkuta hayo anaambiwa nini? Nyamaza, utapata mwingine, na ndugu wa mume wanaanza kuhesabu miezi. Mimi nilinyamaza hivyo hivyo. Halafu mwanamke aliyelala Ikulu ya Marekani anaandika wazi kwamba alijiona ameshindwa, na ndoa ikayumba wakaenda kwa mshauri! Kuna waliosema anajionyesha, waseme. Kimeuzwa nakala zaidi ya 725,000 siku ya kwanza Marekani na Kanada, Novemba 2018, hawa wote hawakufuata habari za bustani.
Na baba yake, yule wa mitambo ya maji, ugonjwa unamla miguu, leo fimbo kesho magongo, na kazini anakwenda. Nilisoma hapo kwenye basi nikapitiliza kituo.

Mwalimu Mwanga (Kigoma):
Salaam kutoka nyumbani, huku mvua imeanza na mwaka huu maembe yamezaa mpaka matawi yanainama. Niwaambie kitu mnaobishana Libya. Kile kikundi nakijua, dada yangu yumo, wanacho kimoja cha kuazima, mmoja anasoma anawatafsiria wenzake huku wanachambua dagaa. Jioni nzima waligombana juu ya Bi Marian, mama mzazi wa Michelle, kuhamia Ikulu kukaa na mkwe. Nusu wanasema haiwezekani, mama mkwe anakutana vipi na mkwe wake koridoni asubuhi, aibu hiyo. Wengine wanasema mbona wajukuu angewalea nani, na yeye nguo zake kafua mwenyewe, hakutaka kufuliwa na watumishi. Mmoja akasema huyo basi ni mtu wa Ujiji! Walipoambiwa ameshafariki, Mei 2024, wakasoma dua pale pale.

Gungu Original (Leeds):
Mwalimu umenitonesha, maembe na mvua ya kwanza. Hapa baridi, nimekula sombe (kisamvu) ya kopo haina hata mawese. Kuna mtu anakuja Desemba aniletee migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu?

Binti Ujiji (Columbus):
Nashukuru wote, Mwalimu umenifuta machozi. Lakini TIN jamani. Nimepigiwa tena leo.

Mzee wa Isevya (Oslo):
Mama Wawili, marahaba. La mimba sikulipinga na wala sitalipinga, hapo ameandika kiume na nimempa mke wangu asome. Nachosema mimi mke wa kiongozi ni shahidi, na shahidi anatakiwa aseme na yale ya mezani. Kwa Trump hakuogopa, aliandika hatamsamehe kwa uzushi ule wa cheti cha kuzaliwa, kwamba mumewe hakuzaliwa Marekani, na habari zilipotoka Trump akajibu siku hiyo hiyo. Kumbe akitaka anaweza.

Mama Wawili (Minneapolis):
Sasa mzee turudi kwetu. Mkapa ameandika chake 2019, Mwinyi 2021, waume watupu. Mama Maria Nyerere ameona toka TANU mpaka leo, kalea watoto nyumba inajaa wapigania uhuru wa nusu ya Afrika, Mama Anna Mkapa yupo, Mama Salma Kikwete ni mwalimu wa kusomea, kalamu anaijua. Mbona hakuna anayewaomba wakae chini waseme kwa mkono wao? Kikitoka cha Mama Maria mimi nanunua makasha, nalipa na hiyo stoo.

Mzee wa Isevya (Oslo):
Hapo tuko pamoja. Ila kiandikwe Kiswahili.

Mwalimu Mwanga (Kigoma):
Na kisipitie Dar.