Kiraka cha modemu kwenye kerneli ya Linux: mgeni afanye nini ili kipokelewe?

Mwalimu wa Maabara

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasimamia maabara ya kompyuta katika shule moja ya sekondari mkoani Mwanza, ambako mashine zote zinatumia Linux na intaneti tunaipata kwa modemu za USB. Modemu tulizonunua karibuni hazikutambuliwa na draiva (programu ya kuendesha kifaa) iitwayo option, inayohudumia modemu nyingi za aina hiyo, kwa sababu namba zake za utambulisho hazimo katika jedwali la draiva. Nimeongeza mstari mmoja katika faili la drivers/usb/serial/option.c, nikaijenga upya kerneli, yaani kiini cha Linux, na sasa zinafanya kazi vizuri. Lakini kila kerneli inaposasishwa inanibidi nirudie kazi ileile, na shule nyingine zenye modemu hizi hazina mtu wa kuzisaidia. Ningependa mstari huu uingie katika kerneli yenyewe. Sijulikani na yeyote katika mradi huo, na nimesikia kwamba wasimamizi wake ni wakali. Nifanyeje ili mchango wangu usomwe na ukubaliwe?

Fundi wa Kerneli

Ndugu Mwalimu, mstari wa namba za kifaa ni miongoni mwa michango ambayo mgeni anaweza kuifikisha mwisho bila kujulikana na mtu, mradi ushahidi wake uwe kamili. Msimamizi hana modemu yako mezani. Anachoweza kukipima ni kile ulichokiandika, naye ndiye atakayeulizwa miaka mingi baadaye endapo mstari huo utaleta hitilafu. Kwa hiyo weka katika maelezo ya kiraka, yaani badiliko la msimbo unalolituma, matokeo ya amri ya usb-devices, kisha ueleze kila kiolesura cha modemu (sehemu ambayo kompyuta huiona kama kifaa chenye kazi yake) kina kazi gani: kipi kinapokea amri za AT, ambazo huiongoza modemu, kipi ni cha uchunguzi wa hitilafu, kipi ni cha mtandao.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu modemu moja huwa na violesura kadhaa, na mstari ulioandikwa bila mipaka huifanya draiva ya option ivikamate vyote, pamoja na kile cha mtandao ambacho kina draiva yake, kama vile qmi_wwan au cdc_mbim. Jedwali lina namna ya kutenga violesura visivyoihusu option; tazama jinsi RSVD ilivyotumika katika mistari ya jirani, nawe ufuate mtindo huo. Je, mstari wako umetenga chochote?

Kichwa cha kiraka kianze kwa "USB: serial: option:" kama vilivyotangulia, jambo utakalolithibitisha ukisoma historia ya faili kwa git log. Kikague kwa scripts/checkpatch.pl, halafu scripts/get_maintainer.pl ikuonyeshe kitumwe kwa nani. Ukitume kwa git send-email, kikiwa ndani ya barua pepe yenyewe na si kama kiambatisho, kwa maana programu nyingi za barua hugeuza nafasi za Tab kuwa nafasi za kawaida, na kiraka kilichoharibika hivyo hakibandikiki.

Bi. Mhakiki

Naongezea kuhusu saini ya mtumaji katika maelezo ya kiraka, kwa kuwa wapo wanaoiona kama pambo. Mstari wa Signed-off-by ulianzishwa mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 ikidai kwamba msimbo wake uliingizwa katika Linux. Anayeuweka anathibitisha kuwa ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Ikiwa uliiandika kazi hii katika saa za mwajiri, hakikisha mkuu wa shule anajua na ameridhia. Tumia jina unalojulikana nalo, kwani michango isiyo na mwenyewe haipokelewi.

Ama kuhusu ukali, mradi una kanuni za maadili tangu mwaka 2018. Majibu bado ni mafupi, ila ufupi si kukataliwa. Jibu kila hoja chini ya maneno uliyoyanukuu, na usipokubaliana nayo, toa sababu zako kwa utulivu. Ukisharekebisha, tuma upya ukiweka alama ya v2 katika kichwa, na ueleze chini ya vistari vitatu (---) vinavyofuata maelezo ya kiraka ni nini kilichobadilika. Kwa maoni yangu, kunyamaza baada ya kuulizwa huviua viraka vizuri kuliko ukali wa msimamizi yeyote. Wala Kiingereza kisikutie hofu. Sentensi fupi zilizo wazi zinatosha.

Mchangiaji wa OpenMRS

Kila mradi una mlango wake. Huku kwetu OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa mahitaji ya kliniki za Eldoret, mtu huchagua kwanza tatizo lililoorodheshwa katika Jira, programu ya kufuatilia matatizo, hujiandikisha kulishughulikia, kisha huweka namba ya tatizo hilo katika kichwa cha badiliko analolituma kupitia GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Mgeni anayeleta badiliko kubwa ambalo hakuna aliyelijadili huwapa wahakiki mzigo wasiouomba, hata kama kazi yake ni safi. Mstari wako, Mwalimu, hauhitaji mjadala wa awali.

Mwalimu wa Maabara

Nawashukuru sana. Mstari wangu haukutenga kiolesura chochote, nami nitaurekebisha kabla ya kuutuma. Nisipojibiwa, nisubiri kwa muda gani? Na kwa kuwa shule hazitumii kerneli mpya kabisa, mstari huu utazifikiaje?

Fundi wa Kerneli

Mwongozo wa mradi unasema maoni hutarajiwa ndani ya wiki 2 hadi 3, na usikumbushe kabla ya wiki 1 kupita. Uwe na subira zaidi katika zile wiki 2 ambazo mabadiliko ya toleo lijalo huunganishwa, maana wasimamizi huwa wameelemewa. Kuhusu kerneli za zamani, kanuni za matoleo thabiti, yaani yale yaliyokwisha kutolewa na yanayoendelea kupokea marekebisho, zinaruhusu kuongeza namba za kifaa; weka mstari wa "Cc: stable@vger.kernel.org" juu ya saini yako. Kikishapokelewa huko, wasambazaji kama Debian na Ubuntu hukipata kupitia matoleo hayo, na shule zitakipokea pamoja na masasisho yao ya kawaida. Kabla ya kutuma, ijaribu modemu kwa mstari uliorekebishwa: piga simu ya data, uichomoe, uirudishe, na uhakikishe kiolesura cha mtandao kimechukuliwa na draiva yake.