Nyuzi zipi zinafaa gitaa kavu jipya la mbao halisi katika hali ya hewa ya Dar es Salaam?

Mwanakwaya wa Kigamboni

Habari za jioni, wakuu. Kaka yangu amerudi kutoka Marekani na kuniletea gitaa kavu la kiwango ambacho sikuwahi kukimiliki: uso wake ni sprusi halisi, mgongo na mbavu ni mahogani halisi, na hakuna plaiwudi mahali popote. Kabla ya hapo nilikuwa nikipiga magitaa ya bei nafuu ya Kariakoo, na kanuni yangu ilikuwa moja tu: uzi ukikatika, nanunua seti yoyote iliyopo dukani. Kwa gitaa hili naona haya kuendelea na mtindo huo.

Nyuzi lilizokuja nazo hazijakatika, lakini sauti imefifia, na zile mbili nyembamba zimeanza kushika kutu, hasa kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) za mwanzo ambako vidole hukaa zaidi. Ninaishi karibu na bahari, na kila Jumapili navuka kwa pantoni kwenda kupiga na kwaya, ambako gitaa huunganishwa kwenye spika. Siku nyingine napiga nyumbani kwa vidole vitupu.

Mwenzangu mmoja kwayani ananishauri nifunge nyuzi nene kadiri ninavyoweza, kwa hoja kwamba uzi mnene ndio unaotoa sauti kubwa. Muuza duka naye ananionyesha seti za aina mbili, za bronzi na za fosfa bronzi, pamoja na nyingine zenye utando ambazo bei yake ni karibu mara mbili ya hizo za kawaida. Naomba mwenye uzoefu anieleze nianzie wapi, na kama huo utando una thamani ya fedha inayodaiwa.

Fundi wa Keko

Ndugu Mwanakwaya, hongera kwa gitaa. Anzia kwenye unene, kwa sababu hapo ndipo gitaa linapoweza kudhurika. Hayo mengine ni suala la masikio na mfuko wako.

Watengenezaji hulipanga gitaa kwa kufuata seti fulani ya nyuzi. Mifereji ya kile kimfupa cha juu shingoni huchongwa ilingane na unene wa kila uzi, shingo hurekebishwa kwa chuma kilichomo ndani yake ikiwa inavutwa na nyuzi hizo hizo, na urefu wa nyuzi juu ya freti hupimwa katika hali hiyo. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chungulia lebo iliyo ndani ya tundu la sauti, soma jina la modeli, kisha utafute kwenye tovuti ya kiwanda ujue limetoka na namba ngapi. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma siku hizi hutoka na seti ambayo uzi wa kwanza ni 12, yaani inchi 0.012, na wa sita ni 53 au 54 kutegemea kampuni. Tofauti hiyo ya 53 na 54 isikuumize kichwa.

Mwenzako wa kwayani hajakosea kabisa. Uzi mnene husukuma uso wa gitaa kwa nguvu zaidi, na anayepiga kwa nguvu bila kipaza sauti hufaidika. Lakini seti ya 12 ikityuniwa kawaida huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 70, na seti ya 13 hadi 56 huvuka kilo 80. Mzigo huo wote hubebwa na daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi, lililoshikwa kwa gundi juu ya ubao wenye unene wa milimita tatu hivi. Yapo magitaa yaliyojengwa kwa ajili ya 13, na hayo yakifungwa 12 hupooza kidogo. Yapo mengine, hasa yenye umbo dogo, ambayo mtengenezaji anakataza waziwazi kuzidisha 12. Wewe unapiga kwa vidole nyumbani na kwa spika kanisani, hivyo sioni unachokwenda kukitafuta kwenye 13.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji ni unyevu. Watengenezaji wengi wanataka gitaa la mbao halisi likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hapa kwetu pwani hewa hukaa juu ya 70 kwa muda mrefu wa mwaka. Mbao hunyonya maji hayo, uso unavimba, daraja linainuka pamoja nao, na nyuzi zinakuwa juu kiasi kwamba kukandamiza freti za mbele kunakuwa adhabu. Kila msimu wa masika naletewa magitaa ambayo wenyewe wanasema nyuzi mpya ni mbovu, kumbe nyuzi hazina kosa lolote. Litunze kwenye kasha gumu lililofungwa, pamoja na vile vipakiti vinavyodhibiti unyevu kwa kunyonya na kutoa, na usilihamishe kila siku kutoka chumba chenye kiyoyozi kikali kwenda kibarazani. Gitaa likivimba, kulifunga 13 ni kuliongezea mzigo likiwa tayari limelemewa.

Dada Alto

Namuunga mkono fundi, nami niongezee upande wa metali, kwa kuwa maduka mengi hayaelezi tofauti yake.

Kwanza ijulikane kwamba katika seti ya kawaida ya gitaa kavu, uzi wa kwanza na wa pili ni feleji tupu, iwe pakiti imeandikwa bronzi au fosfa bronzi. Tofauti unayolipia iko kwenye ule waya uliozungushwa juu ya nyuzi nne zilizobaki. Ndiyo maana kutu yako, ndugu Mwanakwaya, imeanzia kwenye zile mbili: feleji haina pa kujificha mbele ya jasho na hewa ya chumvi, wakati nyuzi nne nene zenyewe hazishiki kutu nyekundu bali hupauka na kujaa uchafu katikati ya mizunguko ya waya.

Inayoitwa bronzi ya 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Sauti yake inang'aa na kukata, na inasikika vizuri sana siku za mwanzo, lakini mng'ao huo hupotea mapema kuliko wa aina ya pili. Fosfa bronzi ni shaba yenye bati kiasi na fosforasi kidogo sana. D'Addario ndio walioiingiza kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974, na ilienea kwa sababu inastahimili kuchakaa vizuri zaidi na sauti yake ina joto na ujazo wa chini. Kwa gitaa la mahogani, ambalo kwa tabia lina sauti kavu iliyonyooka na yenye nguvu katikati, wapo wanaopenda 80/20 ili kulichangamsha, na wapo wanaoweka fosfa bronzi ili kulitajirisha. Mimi nipo kundi la pili, kwa sababu naimba huku nikipiga na sipendi gitaa linalogombana na sauti ya mwimbaji. Hilo ni pendeleo langu tu. Ukitaka kujua lako, nunua seti mbili za kampuni moja zenye unene uleule, moja ya kila aina, uzifunge kwa zamu. Ukibadilisha metali na unene kwa wakati mmoja hutajua ni kipi kimebadilisha sauti.

Uangalie pia gitaa lako linaunganishwaje kwenye spika. Likiwa na kinasa cha pieso, yaani kinachohisi mtikisiko, kilicho chini ya mfupa wa darajani, funga nyuzi za aina yoyote. Lakini ukitumia kinasa cha sumaku kinachopachikwa kwenye tundu la sauti, kumbuka kwamba sumaku haiisikii bronzi; inasikia feleji iliyo katikati ya uzi tu. Matokeo yake nyuzi mbili nyembamba zinapiga kelele na nyingine zinanyamaza nusu, mpaka urekebishe kinasa chenyewe au uweke nyuzi za aina ya nikeli.

Kuhusu utando, kwa mkaaji wa Kigamboni nasema ndiyo, zina thamani yake. Elixir ndio walioanza kuzieneza katika miaka ya 1990. Kampuni mama yao ni W. L. Gore, hao hao wa kitambaa cha Gore-Tex kisichopitisha maji. Utando huzuia jasho na uchafu visiingie kwenye mizunguko ya waya, na kwao hata zile nyuzi mbili tupu hukingwa dhidi ya kutu. Taylor walifunga nyuzi za Elixir kwenye magitaa yao kiwandani kwa miaka mingi, nadhani kwa sababu gitaa hukaa dukani muda mrefu likishikwashikwa na kila mpita njia. Siku hizi kampuni nyingine nazo zina aina zao, na utando umekuwa mwembamba mno kiasi kwamba utelezi uliokuwa ukilalamikiwa zamani umepungua sana.

Mzee wa Galatoni

Wanangu, mmesema vema, ila kwenye utando naomba nipinge kidogo. Sisi tuliokulia kwenye magalatoni, yale magitaa makavu ya zamani, tulijua dawa moja: kitambaa kikavu cha pamba. Nawa mikono kabla ya kupiga, futa kila uzi juu na chini ukimaliza, rudisha gitaa kwenye kasha. Uzi usio na utando ukitunzwa hivyo unatoa sauti iliyo hai zaidi, na kwa bei ya seti moja yenye utando unapata karibu mbili za kawaida, kwa hiyo unaweza kubadilisha mara nyingi na daima ukapiga nyuzi mbichi. Tena anayepiga kwa kipande cha plastiki atauona utando ukichanika mahali anapopigia na kuota vinyweleo kama sufi, jambo ambalo mimi halinipendezi hata kulitazama.

Jihadharini na kitu kingine. Mjini zipo nyuzi bandia zilizofungwa kwenye pakiti zinazofanana kabisa na za kampuni kubwa. Nilizinunua mimi mwenyewe kwenye duka moja ambalo sitalitaja: uzi wa tatu haukushika tyuni hata kwa wimbo mmoja. Kwa nyuzi za D'Addario, ndani ya pakiti halisi kuna namba ya siri inayosajiliwa kwenye tovuti yao, na vipete vya mwisho wa nyuzi vina rangi tofauti, kuanzia rangi ya fedha kwa uzi wa kwanza hadi ya shaba kwa wa sita. Rangi peke yake si ushahidi, maana nazo zinaigwa, lakini namba ikikataliwa, rudisha mzigo. Bei ikiwa nusu ya bei ya maduka yote, hakuna haja hata ya kuangalia rangi.

Mwanakwaya wa Kigamboni

Shikamoo, Mzee wa Galatoni. Nawashukuru sana, pamoja na fundi na Dada Alto. Nimechungulia lebo na kusoma kwenye tovuti: kiwanda kinafunga 12 hadi 53, fosfa bronzi, zenye utando, na kinasa changu ni cha pieso. Kwa kuwa navuka bahari kila wiki na sina hakika ya kukumbuka kitambaa kila siku, nitaendelea na aina hiyo hiyo, ingawa hoja ya mzee nimeielewa.

Limebaki moja. Kwaya yetu hushusha tyuni kwa nusu toni ili sauti ya kwanza isipate taabu, na nikishusha hivyo nyuzi zinalegea na uzi wa sita unagonga freti. Je, hapo napo fundi bado ananikataza 13?

Fundi wa Keko

Hapo umeleta habari mpya, na jibu linabadilika. Kushusha nusu toni kunapunguza mvuto wa nyuzi kwa asilimia 11 hivi. Kwa hesabu hiyo, seti ya 13 iliyoshushwa nusu toni inavuta takriban sawa na seti ya 12 iliyotyuniwa kawaida, kwa hiyo gitaa halitaona tofauti na ule ulegevu utaondoka. Sharti ni kwamba likae hapo hapo. Ukiwa unashusha Jumapili na kupandisha Jumatatu, kila ukipandisha unalirudishia zile kilo 80 na zaidi, na shingo nayo haitulii kwa kuvutwavutwa.

Kwa hiyo amua moja. Ukipenda kubaki na 12, niletee gitaa nitazame shingo. Yawezekana imenyooka kupita kiasi, na kulegeza kidogo kile chuma cha ndani kunatosha kuondoa mgongano wa uzi wa sita bila kubadilisha seti. Ukipenda 13, litunze likiwa limeshushwa nusu toni siku zote, na ukitaka sauti ya kawaida nyumbani, weka kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza. Katika njia hii ya pili nitahitaji kupanua kidogo mifereji ya kile kimfupa cha juu, hasa wa uzi wa sita, maana uzi wa 56 ukibanwa kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya 53 hukwama na kuruka ghafla unapotyuni. Kazi hiyo ifanywe kwa tupa maalumu za unene wa uzi. Usimruhusu mtu akuchongee kwa msumeno.