Serikali ya kwanza ya Tanganyika ilikuwa dhaifu wapi hasa?

MwalimuPwani:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha nne, na wiki ijayo nina kipindi cha Tanganyika baada ya Uhuru. Notisi nilizorithi zina pointi za kukariri tu: uhaba wa wataalamu, uhaba wa fedha, ujinga, maradhi, umaskini. Jana binti mmoja kanyoosha mkono: "Mwalimu, Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, halafu 22 Januari 1962 Nyerere anajiuzulu uwaziri mkuu. Siku 44. Aliona nini?" Nikamwambia tutarudi hapo. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Wenye kumbukumbu nisaidieni, na tafadhali msinirushie "mabeberu" halafu mkaondoka.

Mlima_Nyuki:
Mkuu, notisi zako haziongopi. Madaktari wazalendo 12, wahandisi wawili, nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akizitaja hesabu hizo. Waziri wa fedha wa mwanzo alikuwa Mwingereza, Vasey. Wewe ungeendesha nchi na nini? Kuhusu kujiuzulu, TANU ilibaki gofu baada ya vigogo wake kuhamia serikalini, ndiyo akamwachia Kawawa, akazunguka mikoani kukifufua chama. Desemba ya 1962 akarudi akiwa Rais. Hakuna fumbo hapo.

MzeeGerezani:
Mwalimu, huyo binti mpe maksi zake. Nyuki kasema kweli, lakini kaanzia juu. Mimi nitaanzia kwetu.

Nimezaliwa 1954, nimekulia kwota za reli Gerezani. Marehemu baba alikuwa karani wa stoo. Alikuwa na kadi mbili, ya TANU na ya chama cha wafanyakazi, zote zikikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Neno la kila jioni pale nyumbani lilikuwa naizesheni. Siku hizi hamlisikii. Maana yake Mzungu atoke kitini, Mwafrika akae. Baba alikuwa amemfundisha kazi kijana wa Kizungu aliyekuja hajui hata leja yetu inavyofunguliwa, na baada ya miezi michache kijana akawa bosi wake. Uhuru ukaja, bendera ikapanda, kijana bado bosi.

Sasa serikali ilikuwa inavutwa huku na huku. Mwalimu Nyerere hakutaka uraia wa rangi, na Oktoba 1961 bungeni alisema wakipitisha ubaguzi yeye na wenzake watajiuzulu. Chamani na kwenye vyama vya wafanyakazi watu walitaka Mwafrika kwanza. Kawawa aliposhika akakaza mwendo wa naizesheni, baba akachangamka, akanunua na tai. Kisha tarehe 7 Januari 1964 ukatoka waraka wa Rais: upendeleo kwa Waafrika katika kazi za serikali umekwisha, atakayeangaliwa ni raia, basi. Leo naona waraka ulikuwa wa haki. Siku ile baba aliingia, akavua viatu, akala bila kusema neno. Na hata hakuwa mtumishi wa serikali, alikuwa mtu wa reli tu!

Jumapili iliyofuata, tarehe 12, Zanzibar ikapinduka. Serikali ikapeleka huko askari polisi 300. Mjini wakabaki wenye bunduki nani? Wanajeshi wa kambi ya Colito, hapahapa Dar. Lile jeshi lilikuwa KAR ileile, King's African Rifles ya mkoloni, iliyobandikwa jina jipya, Tanganyika Rifles, batalioni mbili, maofisa karibu wote Waingereza. Askari wa chini analipwa shilingi 105 kwa mwezi, anataka 260, na anayempigia saluti ni yuleyule wa zamani. Mnaona anavyofanana na baba? Tofauti ni kwamba huyu alikuwa na silaha.

Jumatatu tarehe 20 askari wa Colito wakaasi. Mama alinituma sukari Kariakoo, hajui kitu. Nilipofika kona ya kwanza nikakuta milango ya duka imelala chini. Mtu mmoja anakimbia na jora la marekani begani, limefunguka, linaburuzika nyuma yake kwenye vumbi kama mkia wa tiara, na mwingine ameshika ncha yake anavuta. Hawakugombana kwa maneno, walivutana tu kimyakimya. Nikarudi na hela mkononi, imelowa jasho. Mwalimu na Kawawa wakati huo wamefichwa, wanasema Kigamboni. Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kuongea na askari.

Jumamosi, tarehe 25 alfajiri, zikaja helikopta kutoka manowari ya Kiingereza, Centaur. Makomando walimaliza kazi asubuhi ileile. Baba alisimama barazani na kikoi chake, akasema "Wamerudi hao," akaingia ndani.

Kwa hiyo ukiniuliza udhaifu, nitakwambia serikali ilimwomba mkoloni wa juzi aje ailinde dhidi ya jeshi lake yenyewe, miaka miwili na mwezi baada ya Uhuru. Mwalimu mwenyewe alilionea haya jambo hilo, hadharani.

Mlima_Nyuki:
Shikamoo mzee. Ila na wewe uone upande wa pili. Kongo kule jeshi liliasi siku chache tu baada ya Uhuru, Julai 1960, nchi ikakatika vipande. Wiki ileile ya Colito, askari wakaasi Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Serikali zote tatu zikawaita Waingereza. Na hivyo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinataka kuwa serikali ndani ya serikali. 1962 migomo ilikuwa haiishi.

MzeeGerezani:
Marahaba. Migomo ilikuwapo, sibishi. Lakini angalia dawa iliyotumika. Mwaka huohuo wa 1962 sheria za kubana migomo, na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Januari 1963 Mkello, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akapelekwa Sumbawanga kukaa kule. Sumbawanga ya wakati ule! Ukishamziba mdomo karani, askari atajifunza nini? Baada ya maasi viongozi wa wafanyakazi wakazolewa kwa wingi, shirikisho likafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake akawa Kamaliza, ambaye ni Waziri wa Kazi. Baba akauliza, "Sasa nikitaka nyongeza namwambia nani, na yeye ataenda kumwambia nani?" Tulicheka sana, yeye hakucheka.

Binti_Kalenga:
Naongeza kidogo kwa wanafunzi wako, mwalimu. Colito ni mahali Ethiopia, askari wa KAR walipigana pale 1941 dhidi ya Waitalia. Yaani kambi kuu ya nchi huru ilikuwa na jina la vita ya Mwingereza. Sasa hivi ni Lugalo, pale Wahehe walipowapiga Wajerumani 1891. Na JWTZ lilianzishwa upya tarehe 1 Septemba 1964, wengi wakitoka kwa vijana wa TANU. Hapo ndipo siasa na jeshi vilipofungishwa ndoa. Wengine wanasema ndiyo ilituokoa na mapinduzi, wengine wanasema mengine. Mimi nasema yote mawili.

MwalimuPwani:
Mzee, shikamoo sana. Nitalianza somo na lile jora, pointi tano zitafuata. Swali moja la uchokozi: zile kadi za baba bado zipo? Ningependa wanafunzi waone hata picha.

MzeeGerezani:
Marahaba mwanangu. Ya TANU ipo, nitaipiga picha mjukuu akija na simu yake. Ile nyingine mama aliichoma jikoni wiki ya kamatakamata, baba akiwa kazini. Kopo akalitia chumvi.