Mnara mpya wa simu ujengwe wapi kwanza: kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, au vijijini kwa wenyeji?

Mwalimu_Kalobeyei: Wadau, tangu makazi ya Kalobeyei hapa jirani na Kakuma yaanze 2016 tunaambiwa kila mradi ni wa mkimbizi na mwenyeji pamoja. Visima na shule, sawa, naona. Mtandao sioni. Wanafunzi wangu wa kambini wanasomea kwenye simu, wa vijijini mpaka wapande kilima. Pesa ya mnara mmoja ikipatikana, uende wapi?

Mtu_wa_Eldoret: Kambini, kwenye biashara. IFC, wale wa Benki ya Dunia, walihesabu maduka zaidi ya 2,000 mwaka 2018. Kijijini mtandao wa nini, mbuzi watumiwe video?

Mwana_Tarach: Nianze na huyu wa mbuzi. Babangu zamani alitembea siku mbili hadi sokoni, akifika anaambiwa bei imeanguka. Mbuzi wamechoka, kurudi nao hawezi, dalali anajichukulia. Siku hizi anapiga simu kwanza. Wewe bando lako linaishia kwenye mpira, halafu unatuuliza mtandao wa nini?

Mtu_wa_Eldoret: Nilitania, ndugu. Ila kupiga simu si intaneti. Hata mulika mwizi, kasimu kadogo ka tochi, inatosha.

Mwana_Tarach: Mulika mwizi bila mnara ni tochi.

Mtu_wa_Eldoret: 😂 Haya. Lakini wakimbizi si wote wana laini? Si 2015 walianza kupewa Bamba Chakula, ule msaada wa chakula, kwa simu?

Mama_Furaha_K3: Mie ndiye mkimbizi, wa Kakuma 3, nimetoka Kivu. Bamba ilikuwa ya kununua chakula kwenye duka walilochagua wao, si ya kutuma pesa kwa mtu. Laini yangu ya kawaida wakala alikataa kuiandikisha, eti kadi ya mkimbizi imepitwa na wakati. Dada mmoja Mturkana akaniandikishia kwa kitambulisho chake. Sasa laini imejifunga, na dada amehama na mifugo. Wiki ya tatu hii, pesa yangu ya mboga imelala humo.

Mtu_wa_Eldoret: Kwani ile sheria mpya ya wakimbizi haikumaliza hayo? Ya 2019, sijui 2020.

Mwalimu_Kalobeyei: Ya 2021. Wakala wa kibandani hajaisoma.

Lodwar_Kwetu: Huyo dada alilipwa ngapi? Maana hapa vitambulisho vimekuwa biashara. Mnalilia mtandao na miti yetu mmeimaliza, hiyo hamsemi.

Mama_Furaha_K3: Alitaka mia mbili, nikamwongezea na unga. Na kuni, kaka, tunanunua kwenu. Shoka linashikwa na nani?

Mwana_Tarach: Hapo mama amekuweza 😂 Lakini mama nawe ukubali, kabla ya 1991 mto Tarach ulikuwa na kivuli.

Mtu_wa_Eldoret: Kakuma ni 1992. 1991 ni Dadaab.

Mwana_Tarach: Miti ilikuwa na kalenda? Rudi kwa mbuzi wako.

Lodwar_Kwetu: Anayenunua ndiye anayekatisha. Bila kambi makaa tungemuuzia nani?

Mama_Furaha_K3: Basi na pesa mliyopata mrudishe.

Mwalimu_Kalobeyei: Jamani, mnara.

Lodwar_Kwetu: Mwalimu, mnara nao utawashwa na nini? Jenereta? Dizeli nani atanunua?

Mama_Furaha_K3: Yule dada amerudi jana jioni. Kitambulisho amekipoteza njiani.