MJADALA: Nguvu za akili kwenye Dark Sun ni uchawi au sio uchawi?

Mtoa mada, Njiro

Wadau salama? Kuna ubishi kwenye meza yetu ya mchezo hapa Arusha umegoma kuisha, kila tukikutana unafufuka, nimeona niumwage hapa kila mtu atie neno.

Kwa wasioujua, Dark Sun ni ulimwengu wa mchezo wa kuigiza wahusika, ile ya kukaa mezani na makaratasi na dadu, ilitoka 1991 kampuni ya TSR ya Marekani. Dunia yake inaitwa Athas. Jangwa tupu, chuma adimu mpaka hela wanatengeneza za udongo wa kuchoma, miungu hakuna, miji iko chini ya wafalme wachawi. Na kilicholeta jangwa ni uchawi wenyewe, maana mchawi wa kule akitaka kufanya jambo lake anavuta uhai wa mimea. Mhifadhi anavuta taratibu, mmea unabaki hai. Mharibifu anavuta wote, majani yanageuka majivu na ardhi haioti tena. Halafu pembeni kuna nguvu za akili, kusoma mawazo, kusogeza vitu bila kuvigusa, kujiponya, kutoweka hapa na kutokea kule. Hizi hazigusi hata jani moja, na kwa sheria za mwanzo kila mhusika anazaliwa nayo japo moja.

Sasa DM wetu, yaani anayeongoza mchezo na kusimulia hadithi, anataka aviunganishe. Yaani uchawi wa kufuta uchawi ufute na nguvu za akili, wa kugundua uchawi ugundue vyote. Hoja yake ni kwamba toleo la tatu la mchezo lilishaweka hivyo na inapunguza mahesabu.

Mi nakataa, na sikatai kwa sababu ya mahesabu. Swali ni nani analipa. Mharibifu analipiwa na ardhi na watu watakaokuja baada yake, ni sawa na mtu anayekata msitu achome mkaa, gunia anauza yeye chemchemi inakauka kwa jirani. Na kwa sheria za zamani mharibifu anapanda levo, yaani ngazi za uwezo, haraka kuliko mhifadhi, mchezo wenyewe unakuhonga! Mwenye nguvu za akili analipa mwenyewe. Ana akiba yake ya pointi, akitumia inapungua, ikiisha akalale. Anarusha dadu ya pande 20, akikosa hapati kitu na bado nusu ya gharama imeenda. Ukishavichanganya hivyo viwili umeua kitu kinachoifanya Athas iwe Athas, inabaki dunia yoyote ile ila ina mchanga mwingi.

Na watu wa Athas wenyewe wanajua tofauti. Mchawi wanampiga mawe hata kama ni mhifadhi, ndio maana wahifadhi wamejificha kwenye umoja wao wa siri, wakati shule za nguvu za akili zipo mjini mchana kweupe. Hata huku kwetu laiboni wa Kimasai anatikisa mawe kwenye kibuyu anakwambia yajayo, watu wanatoka mbali kumfuata na hawamuiti mchawi.

Chalii wa Sakina

Arifu unaongea kama wakili wa hao jamaa. Umesahau dragoni anapatikanaje? Kwa sheria zile zile za zamani unazozipenda, ili mtu aanze kugeuka dragoni lazima awe mharibifu wa levo 20 NA mwenye nguvu za akili wa levo 20. Vyote viwili. Uharibifu peke yake haumfikishi. Kiumbe kibaya kuliko wote Athas nusu yake ni hizo nguvu zako safi zisizogusa jani, sasa usafi uko wapi hapo

Mtoa mada, Njiro

Chalii yangu hiyo ni pointi ila malizia sentensi. Kuna na avangioni, kinyume cha dragoni, naye anatokana na mhifadhi wa levo 20 mwenye nguvu za akili za levo 20. Nguvu za akili zipo pande zote mbili, kinachomtenganisha huyu na yule ni anavyoitendea ardhi. Umenisaidia kubishana.

Mama wa Kiboriloni, Moshi

Wanangu mi nimefungua kwa sababu niliona jina la Arusha, kumbe ni uchawi uchawi uchawi tu. Kijana wangu naye anacheza haya madadu na wenzake. Naomba kuuliza bila ugomvi, mnapocheza kuna maneno mnatamka? Kuna kitu mnaita?

Mtoa mada, Njiro

Shikamoo mama. Hakuna kinachoitwa, tunasema "mhusika wangu anafanya hivi" halafu tunarusha dadu na kujumlisha namba, muda mwingi ni hesabu na kelele. Kwenye huu ulimwengu hasa mchawi ndiye aliyeharibu dunia, kwa hiyo kama kuna mchezo hausifii uchawi ni huu. Kaa nao siku moja uone, utachoka kabla hawajafika kwenye vita.

Mama wa Kiboriloni, Moshi

Marahaba. Nitakaa nao.

Msoma sheria, Kaloleni

Hilo la laiboni mtoa mada umelipitisha haraka sana. Laiboni kuna walioogopwa kwa kuloga vile vile, heshima na woga vinakaa nyumba moja. Na ukitaka kujua serikali ilionaje, Sheria ya Uchawi ambayo tunayo tangu mkoloni, 1928, haijali unavuta nguvu kwenye jani au kwenye kichwa chako, ukidai tu una nguvu za siri au maarifa ya siri umeshaingia kwenye maana ya uchawi. Kwa hiyo kwa sheria ya hapa DM wenu ameshinda kesi 😂

Mtoa mada, Njiro

😂😂 Athas haina Bunge mkuu.

Mangi wa Rau

Mi nimecheza mwenye nguvu za akili muda mrefu na ngoja niseme kitu ambacho wengi wetu hatupendi kukisema. Mtoa mada anauliza nani analipa, swali zuri, ila jibu lake linaangalia chini tu, ardhini. Nikiingia kwenye kichwa cha mlinzi wa geti nikasoma mawazo yake, au nikamtawala akanifungulia geti kwa mikono yake mwenyewe na kesho bwana wake akamuua kwa hilo, nani kalipa? Sio mimi. Mimi nimetumia pointi nikalala zikarudi. Mharibifu anaacha majivu, kila mtu anayaona na anajua nani wa kumkimbiza, ila mimi siachi alama, na hii ndio inanifanya niogope nguvu za akili kuliko uchawi. Kwa hiyo visiunganishwe, nakubali, ila sio kwa sababu moja ni chafu na nyingine safi.

Chalii wa Sakina

Mangi kaua

Mtoa mada, Njiro

Hapo sitabisha kwa ushabiki. Ila angalia, kutawala mtu ni tawi moja. Kuna anayeugeuza mwili wake mwenyewe, kuna anayesogeza jiwe, hao wanamnyonya nani? Kwa mharibifu unyonyaji ndio njia yenyewe ya kufanya kazi, hawezi kuwasha hata mshumaa bila kuchukua cha mtu. Kwa mwenye nguvu za akili ni uamuzi wake. Sisi wa mji wa Azimio la 1967 neno unyonyaji tusilitumie ovyo.

DM mwenyewe

Nimeona nasemwa. Shida yangu ni ndogo na haina falsafa. Mezani nina mtu mmoja (anajijua) anasoma mawazo ya kila muuza maji, na hakuna kinga ya mchawi inayomzuia, siri zangu zote za hadithi zinaisha saa ya kwanza.

Mangi wa Rau

Sheria za zamani zina kinga tano za akili, wape watu wako muhimu. Mfalme mchawi bila kinga ya akili ni uzembe wa DM.

DM mwenyewe

Hizo kinga tano na mashambulizi matano na majedwali yake ndio zilitulaza mezani mpaka chai ikapoa. Haya, natoa ofa. Vinabaki mbali mbali, ila ukiingia kichwani mwa mtu naye anarusha dadu, na akikugundua anapiga kelele geti zima lisikie. Tunajaribu hivyo mpaka Urik, mji wa Athas tunakoelekea. Tukifika pale na muuza maji bado anasomwa bure, narudisha ya kwangu na sitaki mada nyingine.

Mtoa mada, Njiro

Huyo muuza maji alikuwa anatuibia bei lakini