Shirika lina milioni 212 benki: tulichangie au tusilichangie?

Wadau wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili hili bila matusi. Wiki iliyopita shirika moja la hapa kwetu linalolea watoto wenye ulemavu lilipita mitaani kuomba michango ya bweni. Kesho yake mtu akapiga picha ukurasa mmoja wa hesabu zao, zilizobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, akazungushia wino mwekundu mstari wa fedha benki: milioni 212. Watu wakawaka. "Wana hela zote hizo, bado wanatukamua sisi wa korosho!"

Mimi nasema picha ile imelionea shirika. Nilikwenda pale ofisini nikazisoma hesabu zote nimesimama, na jibu lilikuwa kurasa chache mbele (tarakimu nazikata ziwe nzima). Kwenye maelezo ya hesabu imeandikwa kwamba milioni 168 kati ya hizo ni za visima. Mfadhili katoa kwa kazi hiyo tu, na zisipotumika hadi Juni zinarudi kwake. Milioni 19 nyingine ni madeni: kodi ya nyumba, michango ya NSSF, ada ya mkaguzi. Toa zote hizo, zinabaki milioni 25. Kuendesha kituo, yaani mishahara, unga, dawa na umeme, kunakula milioni 14 kwa mwezi. Milango ikifungwa leo kwa wafadhili, watoto wale wana chakula cha miezi isiyofika miwili.

Sisi watu wa korosho hatupaswi kushindwa na hili. Enzi malipo ya mnada yalipokuwa yakipitia akaunti za AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, siku fedha zikiingia chama kilionekana tajiri. Hela haikuwa yake. Ilikuwa ya wakulima, kila mtu na kilo zake, na kiongozi aliyeigusa tulimwita mwizi. Fedha zenye masharti ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya shirika, acha ule mstari wa benki. Chukua mali yote ya shirika, toa fedha zenye masharti na madeni, toa pia majengo na magari maana huwezi kukata ukuta ukanunua maharage, kisha gawanya kwa matumizi ya mwezi. Halafu angalia mapato yanatoka kwa nani. Hawa wetu, katika kila shilingi 100 walizopata, 80 zimetoka kwa mfadhili mmoja. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si milioni 212. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tuliona wenyewe miradi ikisimama ghafla.

Hata wakubwa huanguka hivi. Uingereza kulikuwa na shirika la watoto liitwalo Kids Company, lililoanza 1996. Lilipata mamilioni ya pauni kila mwaka na viongozi wa serikali walilipigia debe. Agosti 2015 likafunga milango, siku chache tu baada ya kupewa pauni milioni 3 za serikali. Zilizuka tuhuma ambazo polisi baadaye hawakuzipatia ushahidi, ila kwa kuwa hapakuwa na akiba ya maana, halikuweza kusubiri ukweli ujulikane. Ufinyu ule wa akiba ulikuwa umeandikwa kwenye hesabu zake miaka na miaka.

Kuna waliosema, "Wana hati safi, yatosha." Hapana. Hati safi maana yake mkaguzi ameridhika kwamba hesabu zimeandikwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi. Hali yenyewe inaweza kuwa mbaya. Nimeona kwa macho kituo kimoja Lindi kikifungwa katikati ya muhula. Watoto walirudishwa makwao kwa bodaboda, magodoro yakabaki yameegeshwa ukutani. Hati yake ilikuwa safi. Mimi kwenye ukurasa wa mkaguzi husoma vitu viwili zaidi: kama kuna aya inayotilia shaka uwezo wa shirika kuendelea, na tarehe ya sahihi. Mwaka wa hesabu umeisha Desemba, sahihi imewekwa Novemba inayofuata? Jiulize walikuwa wanahangaika na nini.

Nyongeza, usiku huu. Nimesoma maoni yenu yote.

Ndugu yangu wa Nachingwea, umesema gharama za utawala ni kubwa mno, shirika zuri hutumia kidogo ofisini. Siungi mkono. Mhasibu ni utawala, mkaguzi ni utawala, na hizo hesabu unazozisoma zisingekuwepo bila wao. Hata Marekani, ambako kipimo hicho kilivuma sana, mwaka 2013 taasisi tatu zinazopima mashirika ziliandika barua ya pamoja kuwasihi wachangiaji wasihukumu kwa asilimia hiyo peke yake. Lakini kwenye posho za vikao vya bodi tuko pamoja. Milioni 11 kwa mwaka, kwa kituo cha ukubwa ule, inataka maelezo.

Dada wa Mikindani umeandika kwamba kuweka hela benki wakati mtoto anatambaa kwa kukosa kiti mwendo ni dhambi. Hapo umenigusa, na sina jibu jepesi. Naamini akiba ya miezi sita ni halali, kwa sababu ruzuku huchelewa na mtoto hali ahadi. Ikizidi miaka miwili bila mpango ulioandikwa, nitasimama upande wako.

Jambo moja limeniuma. Hesabu zile zimebandikwa kwa Kiingereza kitupu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inataka ripoti ya kila mwaka ipatikane kwa umma, na kanuni za 2018 zinamtaka aliyepata zaidi ya milioni 20 atangaze amezipata wapi na amezitumiaje. Umma wa hapa husoma Kiswahili. Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili, wenye fedha huru (zisizo na masharti), fedha zenye masharti na madeni, ungezima moto wote huu.

Kikao chao na wazazi ni Jumamosi. Nitachangia bweni, na nitauliza mawili: zile posho, na Juni mfadhili akiondoka nani atamlipa mpishi. Mwenye nakala za hesabu zao za miaka mitatu iliyopita anisaidie, nataka kuona kama ile milioni 25 inapanda au inashuka.