Nilipasuliwa moyo utotoni nikaambiwa nimepona, sasa moyo unakimbia na nataka mtoto. Naombeni ushauri

Mtoa mada
Wakuu habarini. Nina miaka 29, nimeolewa, nilizaliwa na ugonjwa wa moyo unaitwa tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne zinakuja pamoja, tundu kati ya vyumba vya chini, njia ya damu ya kwenda kwenye mapafu imebana, mshipa mkuu umekaa juu ya hilo tundu na msuli wa upande wa kulia umekuwa mnene. Nilipasuliwa nikiwa mdogo sana, tundu likazibwa na njia ikapanuliwa. Kliniki nilienda mpaka umri wa kutibiwa na madaktari wa watoto ukaisha, wakasema huyu yuko fiti, basi ikaishia hapo, hakuna aliyetuelekeza kwa daktari wa watu wazima.

Siku hizi ngazi nilizokuwa napanda huku naongea na simu nazipanda kwa kusimama katikati, na kuna usiku moyo unaanza kwenda mbio ghafla, unadunda weee halafu unatulia wenyewe. Mimi na mume wangu tunataka mtoto, nataka kweli kweli. Mama anasema ulishapona usijitafutie ugonjwa, na ukweni hawajui chochote, nguo zangu zote ni za kufunika kovu. Hii hali ni kawaida kwa tuliopasuliwa? Naweza kubeba mimba?

Kovu la Kifua
Pole dada yangu, mimi pia nina Fallot. Ukishatengenezwa hujapona, hilo ndo watu hawaambiwi. Wakati wanapanua ile njia utotoni mara nyingi valvu, yaani kile kilango cha damu ya kwenda kwenye mapafu, inabaki haifungi vizuri, kwa hiyo moyo ukisukuma damu, nyingine inarudi, miaka inaenda chumba cha kulia kinatanuka kidogo kidogo na wewe husikii kitu maana mwili umeshazoea, mpaka siku pumzi haitoshi. Kwangu waliona kwenye eko, ile ultrasound ya moyo, wakahakikisha kwa picha ya MRI, nikawekewa valvu mpya kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, kifua hakikufunguliwa tena. Njia hiyo ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 2000, ila sio kila mtu inamfaa, wengine bado wanapasuliwa.

Binamu wa Wote
Stresi hiyo mdogo wangu, au gesi. Anza mazoezi utakaa sawa. Shaun White yule bingwa wa kuteleza kwenye theluji alizaliwa na hiyo hiyo Fallot na ana dhahabu 3 za Olimpiki, 2006, 2010 na 2018.

Nesi wa Usiku
Binamu habari ya Shaun White ni ya kweli na inatia moyo, ila ya gesi hapana. Kwa aliyepasuliwa moyo, mapigo kukimbia ghafla hayaitwi gesi mpaka kipimo kiseme. Pale walipokata na kuweka kiraka panabaki kovu, na umeme wa moyo unaweza ukawa unazunguka hapo ukaleta mapigo ya hatari. Dada mazoezi makali yasubiri. Moyo ukikimbia pamoja na kizunguzungu, au ukazimia, au kifua kikabana, nenda emajensi saa hiyo hiyo usisubiri kukuche. Omba na kile kifaa cha kuvaa masaa 24 au zaidi kinachorekodi mapigo, maana ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya mara moja inaweza isikute kitu ukarudishwa nyumbani.

Mimba sasa. Wengi waliotengenezwa Fallot wanazaa salama kabisa. Lakini mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu ya uliyonayo na hicho chumba cha kulia ndo kinabebeshwa, kwa hiyo upimwe KABLA, ikionekana valvu inavuja sana wanaweza kushauri ibadilishwe kwanza. Kwa sasa tumieni kinga, ila vidonge vyenye estrojeni usianze bila daktari wa moyo kujua, vinaongeza hatari ya damu kuganda. Na tafuta daktari anayejua magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo kwa watu wazima, sio yeyote wa presha.

Mtoa mada
Asanteni jamani, nimesoma huku nalia. Na mtoto je, atarithi?

Nesi wa Usiku
Uwezekano upo lakini mdogo, watoto 3 hadi 5 hivi kati ya 100 wanazaliwa na tatizo la moyo, kwa watoto wa watu wengine ni 1 hivi kati ya 100. Ila uliza upimwe vinasaba, wenye Fallot wengine wamepungukiwa kipande kwenye kromosomu ya 22 na hao uwezekano wa kukirithisha ni nusu kwa nusu. Ukishabeba, moyo wa mtoto unaangaliwa kwa eko kuanzia wiki ya 18 hivi.

Baba Watatu
Mke wangu alizaliwa na tundu la moyo. Shemeji nenda na mumeo ndani kwa daktari, asikie mwenyewe, halafu ya ukweni muachie yeye aongee na mama yake.

Mtoa mada
Nimemsomea mama huu uzi wote, kanyamaza muda mrefu halafu kaniambia karatasi za upasuaji anazo, kazitunza miaka yote. Mume kasema tunaenda wote.

Kovu la Kifua
Piga picha kila ukurasa, hasa ule unaosema walitumia kiraka gani na valvu waliifanya nini, huo ndo daktari atauangalia kwanza. Na meno kayacheki mapema, bakteria wa mdomoni wanaweza kwenda kukaa kwenye moyo, mimi tangu niwekewe valvu sing'oi jino bila kumeza antibayotiki kwanza. Ukipata majibu ya eko tuambie.